Jasiri au Mwenye Pupa? Mpaka Mwembamba katika Mighani na Tamthilia

Ukiombwa utaje sifa za Fumo Liyongo, huenda kalamu yako ikaandika "ni jasiri" kabla hujalimaliza swali. Hujakosea, lakini wanafunzi wengine wote darasani wameandika hivyohivyo, na wengi wao hawana cha kuongeza baada ya hapo. Ajabu ni kwamba katika swali linalofuata, ukitakiwa kueleza chanzo cha maangamizi ya shujaa huyohuyo, utaandika "hakuwa makini". Basi mtahini atabaki akijiuliza: mtu huyu alikuwa jasiri au alikuwa mzembe? Na kama alikuwa yote mawili, aligeuka wapi?

Mahali hapo anapogeukia ndipo tutakapokaa katika sehemu hii. Maswali ya aina hii hujitokeza katika Karatasi ya Tatu ya Fasihi (102/3), iwe ni katika fasihi simulizi, tamthilia au riwaya, na kila swali lina alama 20. Mwanafunzi anayejua kuutazama mpaka kati ya ujasiri na pupa hupata hoja ambazo wenzake hawazioni.

Tuanze na maneno yenyewe

Ujasiri ni hali ya kulikabili jambo la hatari bila kurudi nyuma. Ushujaa unakaribiana nao, ila shujaa kwa kawaida huwa ametenda jambo ambalo jamii inalikumbuka na kulisifu. Pupa ni haraka inayotokana na tamaa au hamasa. Mwenye pupa hujitosa kabla ya kupima kina cha maji. Kuna pia ujuba, ambao ni ukavu wa macho unaochanganyika na dharau, na kiburi, ambacho humfanya mtu aamini kwamba yanayowapata wengine hayawezi kumpata yeye. Ukiyatumia maneno haya kama kwamba ni kitu kimoja, jibu lako litakuwa na ukungu.

Methali zetu zimeuzunguka mpaka huu kwa muda mrefu, na hazikubaliani. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio" inampa mwoga heshima ambayo mara nyingi tunamnyima: nyumbani kwake wanacheka kwa sababu amerudi mzima. "Simba mwenda pole ndiye mla nyama" haimkatazi simba kuwinda, inamfundisha mwendo tu. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" inaleta kigezo kingine kabisa, cha ushauri. Ukiziweka methali hizi pamoja unaona kwamba jamii za Waswahili hazikumpima mtu kwa ukubwa wa hatari aliyoikabili. Zilimpima kwa jinsi alivyoingia humo na kwa alichokuja nacho alipotoka.

Liyongo chini ya mkoma

Liyongo tunamjua kupitia masimulizi ya pwani ya Kenya na pia kupitia utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Alikuwa jitu la nguvu, hodari wa upinde na fundi wa mashairi. Mfalme wa Pate alimwogopa, akaona kwamba maadamu Liyongo yu hai, kiti chake hakina amani. Ndipo njama zikaanza.

Chukua kwanza kisa cha makoma. Vijana walishauriwa wale makoma kwa kikoa, yaani kwa zamu: leo huyu apande mkoma aangushe matunda, kesho yule. Mpango ulikuwa kwamba zamu ya Liyongo ikifika, akiwa juu ya mti bila silaha mkononi, wamfume mishale. Mtu mwenye pupa angefanya nini? Angepanda. Wenzake wote wamepanda, na yeye ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Akikataa watasema ameogopa. Liyongo hakukataa zamu yake na hakupanda. Alichukua upinde akayafuma makoma kutoka chini, yakaanguka, wakala.

Wanafunzi wengi huupita upesi mfano huu kwa sababu hauna damu. Usiupite. Hapa ujasiri unaonekana katika jambo ambalo shujaa hakulifanya. Hakukimbia kundi la watu waliotaka kumuua. Alibaki kati yao, akala nao. Lakini pia hakuwapa nafasi waliyoitaka. Ukiandika hoja hii katika mtihani, andika vyote viwili: alijua hatari, na alitafuta njia ya kutimiza wajibu wake bila kujiweka mikononi mwa hatari hiyo.

Kisa cha gereza kinatupeleka hatua nyingine mbele. Liyongo alifungwa, akawekewa walinzi. Mamake alimletea chakula kupitia kwa mjakazi Saada, lakini kila kilichokuwa kizuri kililiwa na walinzi. Liyongo akatuma ujumbe wa mafumbo kwa njia ya wimbo: mama aoke mkate wa wishwa na ndani yake atie tupa. Walinzi walipouona mkate wa makapi waliucheka wakamwachia. Kisha aliomba apigiwe ngoma ya gungu kabla ya kuuawa. Watu walipoimba na kupiga vyombo, makelele yakafunika sauti ya tupa iliyokuwa ikikata pingu. Alipomaliza alisimama, na watu wakatawanyika.

Kuomba ngoma usiku wa kuamkia kifo chako ni ujasiri ambao ukiutazama kwa juu unafanana na upuuzi. Kinachoutofautisha ni maandalizi. Liyongo alikuwa ameijua tabia ya walinzi (wanapenda vinono), ameujua uwezo wa mamake (ataelewa fumbo), na ameijua kazi ya kelele. Hakubahatisha.

Liyongo na mwanawe

Sasa tunafika mahali pagumu. Mfalme alimtumia mtoto wa Liyongo mwenyewe. Kijana aliahidiwa mambo makubwa endapo angegundua kinachoweza kumuua babake. Akaenda, akauliza. Na Liyongo, ambaye alikuwa ameuona mtego wa mkoma na kuwahadaa walinzi, akamwambia: ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni.

Mwaka mmoja mwanafunzi wangu wa kidato cha nne aliinua mkono hapo akasema, "Mwalimu, huyu si shujaa. Huyu ni mjinga." Darasa lilicheka. Mimi nilikosa jibu la papo hapo, nikawaambia tutaendelea kesho. Nilipoyarudia masimulizi usiku ule niliona jambo nililokuwa nimelipuuza miaka yote niliyofundisha: Liyongo hakuwa gizani. Masimulizi yanaonyesha kwamba alishuku nia ya mwanawe, akamwambia kwamba amehadaika, na bado akamjibu.

Kwa hiyo yale maelezo mepesi ya "hakuwa makini" hayatoshi. Mtu anayejua kwamba anachimbiwa kaburi kisha akamwonyesha mchimbaji mahali pa kuchimba ana jambo zito moyoni. Huenda alichoka kuishi kwa kumshuku kila mtu. Huenda aliona kwamba kumnyima mwanawe ukweli ni kukiri kuwa hana tena mwana. Au huenda, na wahakiki wengine wangependelea hili, sifa za miaka mingi zilikuwa zimemfanya aamini kwamba hata akiisema siri hakuna atakayethubutu. Methali ya mgema akisifiwa hulitia maji tembo haikutungwa bure. Kila moja ya tafsiri hizi inakubalika katika mtihani mradi uitetee kwa matukio. Isiyokubalika ni kuandika neno "mjinga" ukaweka nukta.

Binafsi naegemea tafsiri ya kwanza na ya pili, kwa sababu ya mwisho wake. Alipochomwa alizinduka, akachukua upinde, akaenda karibu na kisima, akapiga goti akauvuta, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji walikaa siku kadhaa wakiogopa kwenda kuteka maji, wakidhani yu hai na ana hasira. Mamake aliletwa ambembeleze maiti. Masimulizi yanayotaka tumdharau mtu hayampi kifo cha namna hiyo. Naye mwana aliyemuua hakufaidi alichoahidiwa.

Lwanda Magere

Mkabala wa Liyongo upo kwa Waluo. Lwanda Magere alikuwa jagina ambaye mwili wake ulikuwa kama jiwe. Jina Lwanda lenyewe maana yake ni mwamba. Mikuki ya maadui haikumpenya. Maadui hao, ambao masimulizi huwaita Walang'o, waliona kwamba vita haviwezi kumshinda, wakampa msichana mrembo awe mke wake. Wazee walimwonya. Hakusikia.

Siku moja Lwanda aliugua. Dawa ilihitaji kuchanjwa mwilini, na mwili wake haukukatika. Akamwambia mkewe achanje kivuli chake. Mke alipochanja kivuli kikatoka damu. Usiku ule akatoroka kwenda kwao na habari ile. Katika vita vilivyofuata mkuki ulirushwa kwenye kivuli, Lwanda akaanguka akawa jiwe, jiwe ambalo hadi leo huonyeshwa katika nchi ya Kano.

Ukiwalinganisha hawa wawili, usikimbilie kusema "wote walifichua siri". Ndiyo, walifichua. Lakini Liyongo alimwambia mwanawe wa kumzaa, naye Lwanda alimwambia binti wa maadui ambaye wazee walikuwa wamemtahadharisha juu yake kwa uwazi. Liyongo hakuwa na mzee wa kumshauri siku ile. Lwanda alikuwa nao na akawapuuza. Katika kisa cha Lwanda, pupa haipo vitani. Vitani alikuwa na haki ya kujiamini, kwa kuwa mikuki kweli haikumwingia. Kosa lake lilikuwa kuubeba ule uhakika wa vitani akaja nao nyumbani, akadhani kwamba mwili usiopenyeka na mkuki haupenyeki na kitu kingine chochote.

Ni nani anayeliita jambo pupa?

Kuna swali ambalo watahiniwa husahau kuliuliza, nalo ni la msemaji. Kitendo kimoja huitwa ujasiri na waliokitaka kitendeke, na huitwa pupa na waliokiogopa.

Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwahamasisha Wagiriama wasiwatoe vijana wao kwenda kuwafanyia Waingereza kazi. Inasimuliwa kwamba alimletea ofisa wa kikoloni kuku na vifaranga, akamwambia achukue kifaranga mmoja, na kuku akamdonoa. Serikali ya kikoloni ilimwona mchochezi, ikamkamata na kumpeleka mbali, Kisii. Alitoroka akarudi Giriama kwa miguu. Kwa mkoloni, mwanamke wa umri wake kutembea masafa yale kurudi palepale alipokamatiwa ulikuwa wazimu. Kwa Wagiriama ndiyo sababu jina lake linaimbwa.

Tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, ambayo ilitahiniwa miaka ya karibuni, inaitumia tofauti hii kila mahali. (Hata kama kitabu chako cha mwaka huu ni kingine, mbinu ni ileile.) Tunu anaongoza watu wa Sagamoyo kupinga kufungwa kwa soko la Chapakazi. Ukimsikiliza Majoka na mshauri wake Kenga, utadhani Tunu ni msichana mtukutu anayechezea moto. Anashambuliwa na kuumizwa mguu. Baada ya hapo anarudi kwenye mapambano akitembea kwa magongo.

Je, kurudi huko ni pupa? Angalia alichofanya kati ya tukio na tukio. Anakwenda kuwasikiliza watu, hata walevi wa Mangweni kwa Mamapima, ambao wengine wangewapuuza. Hafanyi kazi peke yake. Yupo Sudi, ambaye naye anakataa kuchonga kinyago cha shujaa anayetakiwa na Majoka ingawa familia yake ina njaa. Tunu anajua gharama kwa sababu mguu wake ulishailipa. Mtu anayeijua gharama kwa mwili wake mwenyewe, akashauriana na wenzake, kisha akaendelea, ni vigumu kumwita mwenye pupa.

Mwenye pupa katika tamthilia hiyo, kama utaniuliza mimi, ni Majoka. Ana askari, ana fedha, ana vyombo vya habari, na kila uamuzi anaufanya kama mtu ambaye kesho haitamfikia. Hasikii la yeyote asiyemsifu. Mwishoni anaamuru watu wapigwe risasi na Kingi anakataa kuitii amri hiyo. Mtahini hufurahi akiona mwanafunzi ametambua kwamba pupa si ya wanyonge na vijana pekee. Mara nyingi hukaa kwenye kiti kikubwa.

Kinjeketile na kusubiri

Mfano wa mwisho ni tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969 na kujengwa juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kinjeketile anawaunganisha watu wa makabila mbalimbali kwa imani ya maji yatakayowalinda na risasi za Wajerumani. Umoja unapatikana. Lakini yeye mwenyewe anaanza kuingiwa na shaka kuhusu maji hayo, anawataka wasubiri, wafanye mazoezi ya kivita kwanza, wasianze mpaka atoe neno. Watu wamechoka kupigwa na kufanyishwa kazi, wamechoka kusubiri. Vita vinaanza kabla ya wakati.

Hapa pupa ina sababu ambayo hatuwezi kuicheka. Anayechapwa viboko kila siku katika shamba la pamba hasubiri kwa urahisi kama anayesoma habari zake miaka mingi baadaye. Halafu tamthilia inageuka: Kinjeketile akiwa gerezani, ameteswa, anatakiwa atangaze kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Anaona kwamba akikana, vizazi vijavyo vitaambiwa kuwa kupigana kulikuwa kosa. Yule aliyewazuia wapiganaji wasikimbilie kifo ndiye sasa anayekikabili kifo bila kuyumba. Tukio la gerezani lina nguvu kwa sababu tayari tumemwona akihofu, akisita na kupima.

Jinsi ya kuliandika jibu

Tuseme swali ni hili: "Ujasiri wa shujaa ndio unaomwangamiza." Jadili kauli hii kwa kurejelea mighani miwili. (alama 10)

Jibu dhaifu husomeka hivi: "Lwanda Magere alikuwa jasiri. Alipigana vita vingi. Mwishowe aliuawa kwa sababu alimwambia mke siri yake." Yote ni kweli, na hakuna mjadala hata kidogo. Mwanafunzi amesimulia.

Linganisha na hili: "Ujasiri wa Lwanda Magere vitani haukumwangamiza, kwani mwili wake ulikuwa wa jiwe na mikuki haikumpenya. Kilichomwangamiza ni kiburi kilichozaliwa na ushindi huo. Alipuuza onyo la wazee akamwoa binti wa maadui, na alipougua akamwamuru achanje kivuli chake. Hivyo kauli ni kweli kwa kiasi tu: ujasiri ulifungua mlango, lakini kupuuza ushauri ndiko kulikomwingiza adui ndani."

Jibu la pili si refu sana kuliko la kwanza. Limechukua msimamo, limetenganisha maneno mawili yanayofanana, limetaja matukio mahususi, na limerudi kwenye kauli ya swali. Neno "jadili" hukuruhusu kukubali nusu na kukataa nusu, na mara nyingi hapo ndipo alama zilipo. Lakini swali likisema "thibitisha", usianze kupinga. Utapoteza muda na alama.

Jihadhari pia na kosa la kumhukumu mhusika kwa matokeo. Wanafunzi wengi huamini kwamba aliyeshinda alikuwa jasiri na aliyekufa alikuwa na pupa. Kama ngoma ya gungu ingekoma mapema na walinzi wakaisikia tupa, Liyongo angeuawa usiku ule, na mpango wake ungekuwa umepangwa vizuri vilevile. Pima alichokijua mhusika wakati anatenda, wala si kile unachokijua wewe uliyemaliza kitabu.

Mazoezi

1. Katika kisa cha makoma, eleza namna Liyongo anavyoonyesha ujasiri bila kutumia nguvu dhidi ya mtu yeyote. (alama 4)

2. "Mhusika akiitwa mchochezi, uliza kwanza ni nani amemwita hivyo." Kwa kurejelea tamthilia uliyoisoma, tetea kauli hii. (alama 10)

3. Linganisha jinsi Fumo Liyongo na Lwanda Magere walivyofichua siri zao, ukionyesha ni nani unayemwona alikuwa na pupa zaidi na kwa nini. (alama 10)

4. Chagua mhusika mmoja katika riwaya unayotahiniwa ambaye anajitosa katika hatari kwa ajili ya mtu mwingine. Je, alikuwa na njia nyingine? Toa ushahidi. (alama 6)

Katika swali la tatu usitafute jibu ambalo mwalimu wako anapendelea. Mwanafunzi wangu aliyemwita Liyongo mjinga aliandika insha siku iliyofuata kutetea msimamo wake, kurasa mbili, kila hoja na tukio lake. Sikukubaliana naye hata kidogo, na nilimpa alama zote.